Kuandaa Kitabu cha Picha cha Maarifa kwa Watoto: Mwongozo Kamili Unaofuata Swali Moja la Pwani

Mtoto anayefika ufukweni Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye saa nne ya asubuhi, siku mbili baada ya mwezi kuandama, huikuta bahari haipo. Ngalawa zimelala mchangani, nyasi za baharini zimejianika juani, na kinamama wanaolima mwani wanaonekana kwa mbali kama vijiti, wameinama mahali ambapo jana jioni palikuwa na kina cha kumzamisha mtu mzima. Swali linalomjia mtoto huyo ni moja tu: maji yamekwenda wapi?

Swali hilo linatosha kuzaa kitabu kizima. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukiandaa, tangu swali lenyewe hadi nakala iliyotoka kiwandani, na nimeamua kushikilia mfano huo mmoja wa maji kupwa na kujaa mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ushauri wa jumla kuhusu vitabu vya watoto ni rahisi kuutoa na ni mgumu kuutumia. Kitabu ninachokusudia ni cha mtoto wa miaka 7 hadi 9 anayeanza kusoma mwenyewe. Si cha kiada, kwa hiyo hakilazimiki kufuata muhtasari wa somo, wala si hadithi ya kubuni yenye sungura anayezungumza. Ni kitabu cha maarifa ambacho picha na maneno vinagawana kazi ya kueleza jambo la kweli.

Hatua ya kwanza: tafuta swali, usitafute mada

“Bahari” ni mada. Ukianza na mada utaishia kuandika orodha: bahari ina samaki, bahari ina chumvi, bahari ina mawimbi, na mtoto atafunga kitabu akiwa na mambo kumi yasiyoshikana. “Maji yanakwenda wapi yakipwa?” ni swali, na swali lina faida kwamba kila ukurasa unaulizwa kama unalisogeza mbele au unalichelewesha. Ukurasa unaolichelewesha unaondolewa, hata kama una picha nzuri ya pomboo.

Maswali ya namna hii hayatungwi mezani. Kaa na watoto mahali jambo linapotokea, uwaache waongee, na uandike maneno yao kama walivyoyatamka bila kuyasahihisha. Baada ya siku mbili au tatu utaona kwamba maswali mengi ni ndugu wa swali moja. Lichague lile ambalo jibu lake linaweza kuonekana katika picha, na ambalo mtoto mwenyewe anaweza kulihakiki kwa macho yake baada ya kusoma. Swali la kwa nini chumvi haiishi baharini ni zuri, lakini jibu lake halionekani, na mwandishi anayeanza hana sababu ya kujitwisha mzigo huo katika kitabu chake cha kwanza.

Hatua ya pili: kusanya maarifa kutoka pande mbili

Upande wa kwanza ni wa wenye bahari. Mvuvi wa pwani ana istilahi kamili ya jambo hili: maji kujaa, maji kupwa, bamvua kwa siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na maji mafu kwa siku ambazo tofauti ni ndogo. Waandishi wengi huanza na kitabu cha kigeni, wakatafsiri, kisha wakabuni maneno ya jambo ambalo lugha imeshalitaja kwa karne nyingi. Anza na wavuvi, wachokoaji wa pweza na wakulima wa mwani, kwa kuwa hao hupanga kazi zao zote kwa kuhesabu siku za mwezi, na wakikueleza wanavyohesabu watakuwa wamekupa nusu ya kitabu.

Upande wa pili ni wa sayansi, na hapa mwandishi anahitaji kujua zaidi ya atakachokiandika. Mwezi huivuta bahari, na Jua nalo huivuta, ingawa uwezo wake wa kuyajaza na kuyapwesha maji ni mdogo kuliko wa Mwezi kwa sababu liko mbali mno. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, Jua, Dunia na Mwezi hukaribia kuwa katika mstari mmoja, mivuto miwili husaidiana, na bamvua hufika kilele siku moja au mbili baadaye. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hukinzana na tunapata maji mafu. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa takribani saa 24 na dakika 50, na ndiyo maana maji yaliyopwa leo saa nne kamili yatapwa kesho karibu na saa tano kasorobo au zaidi kidogo. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3, yaani kimo cha watu wazima wawili, mmoja amesimama mabegani mwa mwenzake.

Andika kila taarifa katika daftari, na mbele yake uandike umeijuaje: umeiona, umeambiwa na nani, au umeisoma katika jedwali la maji la bandari. Taarifa isiyo na maelezo hayo isiingie kitabuni. Kanuni hii inachosha, lakini ndiyo inayotofautisha kitabu cha maarifa na simulizi za barazani.

Kisha amua utakachokiacha. Jambo gumu kuliko yote katika mfano wetu ni kwamba bahari hujaa pia upande wa Dunia usiotazama Mwezi. Maelezo yake mepesi ni kwamba Mwezi huyavuta maji ya upande wake kuliko unavyoivuta Dunia, na huivuta Dunia kuliko unavyoyavuta maji ya upande wa pili, kwa hiyo maji hayo ya mbali hubaki nyuma. Ushauri wangu ni kuyaweka maelezo hayo ndani ya jalada la nyuma, kwa ajili ya mzazi au mwalimu atakayeulizwa. Kuacha jambo si kosa. Kosa ni kuandika sentensi ambayo mtoto huyo akifika sekondari atalazimika kuifuta. Ukiandika kwamba maji hujaa pale tu Mwezi unapokuwa juu ya kichwa, umeandika sentensi ya namna hiyo.

Hatua ya tatu: kata karatasi kabla ya kuandika

Chukua karatasi 6 za A4, zikunje katikati, zichomeke moja ndani ya nyingine na uzibane kwa pini kwenye mkunjo. Umepata kitabu cha kurasa 24. Idadi ya kurasa za kitabu cha kubana kwa pini ni lazima igawanyike kwa 4, kwa kuwa kila karatasi iliyokunjwa hutoa kurasa 4, na mwandishi anayeandika kwanza na kuhesabu baadaye hujikuta na kurasa 22 ambazo kiwanda kitamlipisha kama 24.

Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu. Kurasa za 2 hadi 23 zinakupa jozi 11 za kurasa zinazotazamana, na jozi hizo ndizo uwanja wako halisi, kwa kuwa mtoto haoni ukurasa mmoja mmoja bali huona kurasa mbili zilizofunguka mbele yake. Ukurasa wa 24 tutaurudia mwishoni. Taarifa za uchapishaji zinaweza kukaa ndani ya jalada.

Sasa gawa jibu la swali katika jozi hizo 11. Katika mfano wetu jozi ya kwanza inaonyesha ufuko mkavu na swali lenyewe. Ya pili inashuka chini, machoni pa mtoto aliyechutama: kaa kwenye tundu lake, kiti cha pweza (yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota) kwenye kidimbwi, na mkono mmoja wa pweza ukichungulia chini ya jiwe. Jozi mbili zinazofuata zinaonyesha maji yakirudi, saa baada ya saa. Kisha inakuja jozi ya usiku, Mwezi, uvutano, bamvua, maji mafu, kazi za watu wa pwani, na jozi ya 11 inarudi palepale pa jozi ya kwanza, ufuko uleule ukitazamwa kutoka mahali palepale, mnazi uleule upande wa kushoto, ila maji yamejaa. Mtoto atarudi nyuma kulinganisha picha hizo mbili bila kuambiwa, na katika kulinganisha huko atakuwa amepima bamvua mwenyewe.

Zingatia pia kufunua ukurasa. Swali likae mwisho wa ukurasa wa kulia, na jibu lisubiri upande wa pili. Ukiweka swali na jibu katika kurasa zinazotazamana, jicho la mtoto litakwenda kwenye picha ya jibu kabla hajamaliza kusoma swali.

Hatua ya nne: andika maneno machache, upime kwa silabi

Jozi 11 zenye maneno 30 hadi 40 kila moja zinafanya maneno kama 400 kwa kitabu kizima. Hata hivyo, katika Kiswahili kuhesabu maneno pekee hudanganya. Neno “maji” na neno “yatakapokuwa” kila moja huhesabiwa kuwa neno moja, lakini msomaji mchanga husoma kwa silabi, na neno la pili linamdai pumzi sita. Kwa hiyo pima sentensi kwa silabi, na ukiona kitenzi kilichobeba nafsi, wakati, kirejeshi na yambwa kwa pamoja, kivunje. “Wanayoyachimbua” inaweza kuwa “Wanachimba. Wanatoa nini?”

Linganisha namna hizi mbili. Ya kwanza: “Mabadiliko ya kina cha maji ya bahari husababishwa na nguvu ya uvutano inayotokana na Mwezi pamoja na Jua.” Sentensi hiyo ni sahihi, na hakuna mtoto wa miaka saba atakayeimaliza. Ya pili: “Mwezi uko mbali sana. Hata hivyo, unayavuta maji ya bahari. Jua nalo linayavuta. Leo vyote viwili vinavuta pamoja. Maji yanajaa sana, kisha yanapwa sana. Watu wa pwani husema: ni siku za bamvua.” Maarifa hayakupungua. Kilichoongezeka ni mpangilio, kwa sababu kila sentensi imebeba jambo moja na jina la jambo limekuja mwisho, baada ya mtoto kulielewa jambo lenyewe.

Maneno mapya yasizidi 5 au 6 kwa kitabu kizima, na kila moja litokee angalau mara tatu. Neno lisikatwe mwisho wa mstari, kwa kuwa kistari hicho humchanganya anayeanza kusoma. Herufi ziwe za pointi 16 hadi 20, na umbo la herufi “a” lifanane na lile ambalo mtoto hufundishwa kuandika.

Saa ni jambo la kuangaliwa. Maandishi yakisema saa nne asubuhi na picha ikiwa na saa ya ukutani, mshale mfupi uwe kwenye 10, kama mtoto anavyoiona nyumbani. Nimeona miswada ambayo mchoraji ameuweka kwenye 4 kwa kulifuata neno.

Hatua ya tano: picha ihakikiwe kama sentensi

Hapa ndipo vitabu vingi vya maarifa huharibika, kwa sababu waandishi huhariri maneno mara saba na kuipokea picha mara moja. Nitaeleza kosa langu mwenyewe. Katika rasimu ya kwanza ya kitabu hiki cha bamvua, jozi ya usiku ilikuwa na mwezi mwembamba, mzuri, umesimama wima juu ya bahari. Niliwasomea watoto wa kijiji kimoja cha pwani. Msichana mmoja aliweka kidole juu ya mwezi na kuuliza, “Mwalimu, mbona umesimama?” Sikumwelewa hadi aliponyoosha viganja vyake viwili, akavikunja kama mtu anayechota maji. Alikuwa sahihi. Kwetu, karibu na ikweta, mwezi mchanga unaoonekana magharibi baada ya Jua kutua hulala chali kama mtumbwi. Mwezi uliosimama ni wa nchi zilizo mbali na ikweta, na tulikuwa tumeunakili kutoka katika picha za huko bila kufikiri. Baya zaidi, jozi iliyofuata ilionyesha bamvua chini ya mwezi nusu, yaani siku za maji mafu. Maneno yalikuwa sahihi na picha ilikuwa ikiyakanusha.

Tangu hapo humpa mchoraji karatasi ya maelekezo kwa kila jozi, yenye mambo manne: ni saa ngapi, mwezi una siku ngapi, tunatazama upande gani, na ni kitu gani kinachoonyesha ukubwa. Upande tunaotazama si jambo dogo. Pwani ya mashariki ya Unguja Jua huchomoza baharini. Ukimchora mtoto wa Jambiani akitazama Jua likizama majini, watoto wa huko watacheka, na watakuwa na haki. Kitu cha kuonyesha ukubwa kinaweza kuwa mguu wa mtu, ndoo au kasia. Kaa aliyechorwa peke yake ukurasa mzima anaweza kuwa na ukubwa wa ukucha au wa sahani.

Vipimo vya anga vinahitaji uaminifu wa pekee. Dunia ikiwa chungwa lenye upana wa sentimita 8, Mwezi utakuwa gololi yenye upana wa zaidi kidogo ya sentimita 2, nayo itakaa umbali wa takribani mita 2.4. Hakuna ukurasa unaoweza kubeba umbali huo. Una njia mbili: uandike chini ya picha kwamba haikuchorwa kwa vipimo halisi, au, kama ninavyopendelea, uchore watoto wawili uwanjani, mmoja ameshika chungwa na mwingine amesimama hatua tatu mbele yake na gololi kiganjani. Picha ya pili inaweza kuigizwa darasani siku hiyohiyo, na machungwa hayakosekani.

Mwisho, acha picha iseme mambo ambayo maneno hayakuyataja. Ikiwa sentensi inasema “Kinamama wanakwenda shambani,” picha ionyeshe kamba zilizofungwa kati ya vijiti na vishada vya mwani vinavyoning’inia, ili anayesikiliza aulize na anayesoma ajibu. Picha inayorudia sentensi haina kazi.

Hatua ya sita: soma na watoto, usiwaulize kama wameelewa

Ukiuliza “Mmeelewa?” utajibiwa “Ndiyo!” kwa sauti moja, na hutakuwa umejifunza lolote. Chukua kitabu chako cha karatasi za A4 chenye picha za penseli, kaa na watoto watano au sita, soma, kisha wape kitabu na uwaombe waonyeshe kwa kidole: maji yatafika wapi jioni? Onyesha siku ya bamvua. Mahali wanapobishana pana tatizo, ama la sentensi ama la picha. Mahali wanapofunua kurasa mbili kwa pamoja pamepooza. Fanya hivi kabla rangi haijawekwa, kwa kuwa baada ya hapo kila badiliko ni gharama, na mwandishi huanza kuyatetea makosa.

Msomee pia mtoto asiyejua bahari. Mtoto wa Dodoma au Kigoma atakuonyesha maneno ambayo ulidhani kila mtu anayajua. Na kwa kuwa kitabu kitawatuma watoto ufukweni, ukurasa mmoja useme wazi kwamba hawaendi mwambani bila mtu mzima, kwa sababu maji yakianza kujaa huingia kwanza kwenye mabonde na kumzunguka mtu aliye mbele.

Hatua ya saba: vibali na haki

Mchoraji na mwandishi waandikiane mkataba kabla ya kazi kuanza, ukieleza nani anamiliki picha na zinaweza kutumika wapi tena. Picha ya intaneti haiwi yako kwa kuwa umeiona. Tumia zile zenye leseni huria, na uandike jina la mwenye nayo. Nambari ya ISBN, yaani nambari ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba kwa upande wa Tanzania Bara, na na Huduma ya Maktaba ya Taifa kwa Kenya. Ukitaka kitabu kiingie shuleni kama kitabu cha ziada, Taasisi ya Elimu Tanzania, au KICD, taasisi ya mitaala, ukiwa Kenya, ndiyo ya kuiendea, na ni busara kuuliza masharti yao kabla ya kuamua ukubwa wa kitabu. Msomaji wa lugha awe mtu wa nje ya timu yenu. BAKITA na, kwa Zanzibar, BAKIZA ndiyo mabaraza yenye dhamana ya lugha, na swali kama la upatanisho wa nomino linamalizwa huko.

Hatua ya nane: kiwandani

Picha zitayarishwe kwa nukta 300 kwa inchi, na rangi ya ukingoni ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3, la sivyo utapata mchirizi mweupe pembeni. Usiweke uso wa mtu wala neno katikati ya mkunjo. Omba nakala moja ya majaribio na uitazame nje, mchana, kwa kuwa rangi ya bahari inayong’aa kwenye kompyuta hupoa sana ikishachapwa kwa wino wa rangi nne, na hilo hurekebishwa kabla ya nakala elfu, si baada yake.

Karatasi nayo ichaguliwe kwa kuutazama ukurasa wa 24 niliousogeza mbele. Ukurasa huo nimeuachia jedwali tupu lenye mistari 15: tarehe, umbo la mwezi, na saa ambayo maji yalipwa kabisa. Mtoto hujaza mstari mmoja kwa siku, kuanzia mwezi kuandama hadi mpevu, na akifika mwisho anakuwa na jedwali lake la maji, la ufuko wake. Karatasi yenye mng’aro haishiki penseli, kwa hiyo kitabu chote kichapwe kwenye karatasi isiyong’aa, hata kama mwenye kiwanda atakwambia kwamba ile nyingine inapendeza zaidi.